Kilichozeeka ni Kabati, Si Ujuzi

Kikundi kifanye nini wateja wakiacha kununua kitu kilichotengenezwa miaka na miaka? Katika somo hili tuwaangalie mafundi wa lulumizi wa Korea.

Lulumizi ni ile sehemu ya ndani ya kombe la baharini inayometameta rangi nyingi. Tangu enzi ya ufalme wa Goryeo (918–1392), Wakorea huikata vipande vyembamba sana, wakavibandika kwa gundi juu ya masanduku ya mbao. Hupaka pia utomvu wa mti, tabaka juu ya tabaka. Utomvu huu una maajabu yake: hukauka vizuri penye joto na unyevunyevu. Kila tabaka lingoje, lisuguliwe, ndipo lipakwe jingine. Mwenye haraka haiwezi.

Miaka ya 1970 na 1980, kabati la lulumizi lilikuwa fahari ya nyumba. Halafu watu wengi wakahamia maghorofani, kwenye makabati ya ukutani. Lile kabati kubwa jeusi likakosa pa kuwekwa, na mafundi wengi wakakosa kazi.

Tunaona njia mbili za kuuokoa ufundi huu:

1. Kurithisha. Mwaka 1966 serikali ya Korea Kusini iliutambua kuwa urithi wa taifa. Fundi mkuu anayepewa heshima hiyo ana wajibu wa kufundisha wengine.

2. Kubadilisha umbo. Fundi Hwang Samyong anajulikana leo kwa sanamu kubwa zenye umbo la kokoto. Huzifunika kwa nyuzi nyembamba za lulumizi, akizibandika moja moja. Mbinu ni ile ile ya wazee. Kinachofunikwa ndicho kipya. Si kabati tena, ni sanaa ya kuwekwa kwenye maonyesho.

Tuseme ukweli: sanamu haziajiri watu wengi kama makabati yalivyoajiri. Lakini zinaupa mkono kazi, na mkono usio na kazi husahau.

Tumezoea kusema mwacha mila ni mtumwa. Sasa je, mila ilikuwa kabati, au ule mkono uliolipamba?

Tujadiliane kikundini:
– Katika kazi yetu, ujuzi ni upi na bidhaa ni ipi?
– Bidhaa ikikosa soko, ujuzi huo unaweza kutengeneza nini kingine?
– Ni kijana gani tunayemfundisha sasa?