Kidimbwi cha Uani: Mafunzo Niliyopata kwa Kufuga Koi Lamu

Mtu wa Lamu akisikia nafuga koi, huuliza kwanza kama ni wa kuliwa. Nikimwambia la, huuliza: basi kazi yake nini? Sioni ubaya wa swali hilo. Katika mji huu samaki wa nyumbani amekuwa na kazi tangu zamani, na mengi ninayoyajua kuhusu kidimbwi changu nimeyapata kwa kulitafutia jibu.

1. Samaki huingia nyumbani kwa kazi

Katika nyumba za mawe za zamani, chooni mlikuwa na birika la mawe na chokaa, la maji ya kuogea na kutawadhia, ambayo mtu huyachota kwa kata. Humo mlitiwa samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa, kwenye sakafu ya birika, fundi alipachika bakuli la kauri ya Kichina. Maji yakipungua hadi karibu kwisha, bakuli hubaki limejaa, na samaki hujibanza humo mpaka birika lijazwe tena. Nimewahi kuinamia birika la namna hiyo kwa bibi mmoja wa mtaa wa Mkomani. Ukitia kata, samaki hutawanyika pembeni; ukiitoa, wamesharudi katikati kabla maji hayajatulia. "Chota polepole, mwanangu," aliniambia, "hao ndio wenye nyumba."

Siku hizi maji hukaa kwenye matangi ya plastiki, mapipa na ndoo, na samaki wamefutwa kazi. Mbu hawakufutwa. Mwaka 2004 chikungunya ilipoingia Lamu, watafiti walikadiria baadaye kwamba robo tatu ya wakazi wa mji waliambukizwa, watu wapatao 13,500. Mvua zilikuwa zimeadimika, maji yakawekwa majumbani siku nyingi bila kubadilishwa, na mbu aina ya Aedes hutaga katika maji ya namna hiyo hasa. Mwaka uliofuata ugonjwa ulikuwa umeshafika Ngazija na Réunion.

Koi mkubwa hajishughulishi sana na viluwiluwi. Anaona ni kuhangaikia punje. Ndiyo maana kidimbwini mwangu kuna gapi pia, wale samaki wadogo wenye mikia ya rangi, ambao huvumilia hata maji yenye chumvi kidogo. Koi ni wa kutazamwa. Wanaofanya kazi ni gapi.

2. Onja maji kabla ya kununua samaki

Visima vingi vya mjini vina chumvichumvi. Maji baridi ya kutegemewa hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua hupenya mchangani ikakaa juu ya maji ya bahari kwa sababu ni nyepesi, na watu wakiyavuta kwa pupa, chumvi hupanda kutoka chini. Kwa hiyo mfuga samaki wa Lamu hajiulizi kwanza rangi ya koi. Hujiuliza maji yake yatatoka wapi mwezi wa pili na wa tatu, kaskazi ikiwa imekausha kila kitu.

Koi hustahimili chumvi kidogo. Taabu ni kwamba jua hukausha maji na kuiacha chumvi palepale. Ukijazia kwa maji ya kisima, umeongeza chumvi juu ya chumvi, na baada ya miezi michache kidimbwi kinakuwa kikali kuliko kisima chenyewe. Kujazia tu hakutoshi. Mimi humwaga sehemu ya maji kwanza, nikainyweshea minazi isiyoona tabu kwa chumvi hiyo, ndipo nikatia mengine. Mvua ya masika huikinga yote niwezayo. Watu wa visiwa vya Pate na Ndau, wenye majabia yao ya kukingia mvua, hawahitaji kufundishwa hili na mtu wa mjini.

3. Chokaa mbichi ni sumu, na hata ikikomaa ina neno

Fundi wangu, hodari kwa lipu kuliko mtu yeyote ninayemjua, alitaka tutie samaki wiki ileile aliyomaliza kazi. "Ami, subiri," nilimwambia. Chokaa na saruji mpya huyafanya maji kuwa makali kiasi cha kuunguza mashavu ya samaki. Nilijaza na kumwaga, nikajaza tena, huku nikipima kwa vikaratasi vinavyobadilika rangi, mpaka rangi ikatulia.

Hata hivyo, kidimbwi cha mawe ya matumbawe hakiwi kamwe na maji laini. Hilo lina athari ambayo vitabu vya nchi za baridi huigusia juu juu tu. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, na amonia huzidi kuwa sumu kadiri maji yanavyokuwa ya moto na yanavyoegemea upande wa chokaa. Hapa tuna yote mawili. Idadi ya samaki ambayo mtu wa Limuru angeifuga kwa raha, kwangu ingekuwa msiba. Nina koi wachache, na chakula nawapa kidogo, kile watakachomaliza kabla sijainuka kitini.

4. Koi ametoka kwenye theluji

Wakulima wa mpunga wa Niigata, nchini Japani, ndio waliomfanya kapi wao wa kuliwa kuwa samaki wa rangi katika karne ya 19. Mwaka 1914 walimpeleka kwenye maonyesho ya Tokyo, na tangu hapo akaenea duniani. Niigata ni nchi ya milima na theluji nyingi. Koi anaweza kuishi kwenye joto letu, lakini pumzi ndiyo inayomsumbua: lita ya maji yenye nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni, na ikifika nyuzi 30 hubeba kama saba na nusu tu.

Kwa hiyo kina ni lazima. Mita moja ni ya kuanzia, maana chini ndiko kuliko na ubaridi, na koi aliyekomaa hupita sentimita 60. Wafugaji hutaja lita elfu moja kwa kila mmoja. Birika la kawaida halimtoshi hata akiwa kijana, kwa hiyo mwenye birika abaki na gapi wake.

Saa ya hatari si mchana wa jua kali kama watu wanavyodhani. Ni alfajiri. Usiku mimea nayo huvuta oksijeni badala ya kuitoa, na ukitoka kwenda msikitini utawakuta koi wamepanda juu, midomo imepenya usoni mwa maji, inafunguka na kufumba. Aliyeniuzia pampu ya sola aliisifu sana. Hufanya kazi barabara mpaka magharibi, kisha hulala. Pampu bila betri hukuacha saa ileile unayoihitaji. Siku hizi maji hurushwa usiku, na mchana nikitaka nazima.

5. Mmea uchaguliwe kwa jua lililopo

Hapa ndipo wageni wanaonitembelea wanapobishana nami, hasa wenye picha za bustani za Ulaya simuni mwao.

Mmea ninaoupenda kuliko yote ni yungiyungi la buluu, na ni wa huku kwetu. Aina moja hata imepewa jina la Unguja katika orodha za wataalamu. Lakini yungiyungi linataka jua la saa tano au sita, na kiwanda cha nyumba ya Lamu, yaani ua wake wa ndani, chenye kuta ndefu pande zote, hupata jua la adhuhuri na kidogo zaidi. Huko litatoa majani tu. Mwenye shamba Shela au uwanja ulio wazi, yeye alipande. Mwenye kiwanda chembamba atafute vya kivulini: magimbi kwenye vyungu ukingoni, mizizi ikiwa majini, na mafunjo ambapo miale hufika. Magimbi hunywa uchafu wa samaki kwa pupa. Pale maji yanapotoka, majani yake huwa mapana maradufu ya yale ya upande wa pili.

Koi ni mchimbaji. Atafukua udongo, ang'oe mzizi, kisha ale majani machanga. Mimi hupanda yungiyungi kwenye chungu kipana, kwa udongo mzito usio na samadi, na juu nikatandaza kokoto kubwa asizoweza kuzinyanyua kwa mdomo. Majani yakishafunika kama nusu ya uso wa maji, hupunguza. Yakizidi, ile alfajiri niliyoisema huwa mbaya zaidi.

Kuna mmea mmoja unaoelea, wenye sura ya letusi, ambao wauzaji huusifu kwa kivuli. Viluwiluwi vya mbu aina ya Mansonia hujichomeka kwenye mizizi yake na kuvuta pumzi humohumo, bila kupanda juu ambako samaki angewaona. Kwangu hauingii.

6. Paka na mdiria

Paka wa Lamu wanajulikana, lakini maji yenye kuta zilizosimama wima huwashinda. Mdiria ndiye mwizi hasa wa gapi. Wavu huudhi macho. Uzi wa kuvulia uliotandazwa juu hautambuliki, nao watosha.

7. Cha kidimbwini kibaki kidimbwini

Kapi, gambusia anayesifiwa kwa kula mbu, na gugumaji wote wamo katika orodha ya Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, ya viumbe 100 wageni waharibifu zaidi duniani. Gugumaji hatuhitaji kuelezwa. Kisumu waliona katika miaka ya 1990 likifunga bandari yao. Bara kwetu kuna Ziwa Kenyatta, Mpeketoni, na sitaki koi wala gugu langu lifike huko. Magugu huyaanika juani mpaka yavunjike mkononi, ndipo yaende shimoni kuwa mbolea.

Koi wangu hawaniletei tabu ya uzazi, maana mayai mengi huyala wenyewe. Gapi ndio huzidi. Hao nawagawa kwa yeyote mwenye birika au pipa, bure. Anayewataka aje na chupa ya maji ya birika lake, tuyachanganye hapa kidogo kidogo na yangu kabla hajawabeba, maana maji ya Langoni na ya Mkomani si mamoja.