Lori la Tani 40 Kwenye Kona za Kitonga

Basi la kwenda Iringa likishapita Ruaha Mbuyuni na kuanza kupanda mlima wa Kitonga, abiria wa dirishani anakutana na malori yanayoteremka kuelekea Dar es Salaam. Yanakwenda polepole, injini zikinguruma kwa gia ya chini. Mwendo ule wa kinyonga una hesabu yake, na hesabu hiyo haimshindi mwanafunzi wa sekondari.

Tuchukue mfano: lori la tani 40 linashuka mteremko wa asilimia 8, yaani kila mita 100 barabara inashuka mita 8. Tukikadiria graviti kuwa 10, uzito wake ni niutoni 400,000, nao unavuta wima kwenda chini. Chora lori, kisha ugawe uzito huo sehemu mbili. Karibu wote unakandamiza lami, na lami inalisukuma lori kwa kiasi hicho hicho. Sehemu ndogo inafuata mteremko: asilimia 8, takriban niutoni 32,000.

Usiidharau sehemu hiyo ndogo, maana haipumziki. Kwa kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde, kuizuia ni kumeza kilowati 320 muda wote wa kuteremka. Hewa na mzunguko wa tairi hupunguza kidogo. Kilichobaki ni cha injini na breki. Dereva anayeweka gia huru ili aokoe mafuta ameiondoa injini kazini. Breki zinabaki peke yake, zinapata moto, na kadiri zinavyochemka ndivyo zinavyopoteza uwezo wa kushika.

Sasa kona. Gari halipindi bila kani inayolisukuma kuelekea katikati ya kona. Abiria huhisi anatupwa nje, lakini usichore mshale wa kwenda nje: mwili wake unataka kuendelea moja kwa moja, gari ndilo linalogeuka. Mshale wa kweli unaelekea ndani, na kwenye barabara isiyoinamishwa unatoka kwenye msuguano wa tairi na lami. Ili kupata ukubwa wake, zidisha tungamo kwa kipeo cha pili cha kasi, kisha gawanya kwa nusukipenyo cha kona.

Kona ikiwa na nusukipenyo cha mita 50, kwa kilomita 36 kwa saa tunapata niutoni 80,000. Kwa kilomita 54 zinakuwa 180,000. Mwendo umeongezeka nusu tu, kani imezidi mara mbili.

Msuguano nao ni mfuko mmoja, breki na kona zinachota humo humo. Lami kavu ikiweza kutoa 0.7 ya uzito, mfuko una niutoni 280,000. Mvua ikiushusha hadi 0.4, zinabaki 160,000. Kwa kilomita 54 lori litateleza hata kabla dereva hajagusa breki. Ndiyo maana mwendo hupunguzwa kabla ya kona, si ndani yake.

Hata kwenye lami kavu kuna hatari nyingine. Kitovu cha uzito kikiwa mita 2.5 juu ya lami, kani ya kona inapindua kwa 180,000 mara 2.5, yaani niutoni-mita 450,000. Tairi za nje zikiwa mita 1 kutoka katikati ya lori, uzito unarudisha 400,000 tu, kwa hiyo lori linalala ubavu huku tairi zikiwa bado zimeshika. Kishushe kitovu hicho hadi mita 2 kwa kupanga mizigo mizito chini, na inayopindua inakuwa 360,000: lori linabaki wima, ingawa kwa nafasi ndogo mno.