Dawa ya Kukinga Turubai, Tanga na Jaketi: Ijaribu Juani Kabla ya Kuinunua kwa Wingi

Ukishuka kutoka Namboboto kuelekea Sio Port, kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, utalikuta turubai katika kila kazi. Limetandazwa chini ya omena na muhogo, limefunika mahindi sokoni, limefungwa juu ya mashine ya boti ufukweni. Kule Malaba na Busia, malori yanayosubiri kuvuka mpaka yamefunikwa nalo. Mvuvi naye ana tanga na jaketi la kuokoa maisha, na mwendesha boda ana koti la mvua na mwavuli wake mkubwa. Karibu vyote hivi ni nyuzi za plastiki, na vyote vinaharibiwa na jua. Ndiyo maana dawa za kupaka na kupulizia, zinazosemekana kuzuia maji na jua, zina wanunuzi. Yafuatayo ni majibu ya maswali ambayo mtu anapaswa kuyauliza kabla ya kutoa pesa yake.

Jua linakifanya nini kitambaa?

Ndani ya mwanga wa jua mna mionzi tusiyoiona, ya urujuanimno, inayokata minyororo ya molekuli inayoipa plastiki nguvu. Kitambaa hakionyeshi dalili siku ya kwanza. Hupauka polepole, kisha uso wake huanza kuacha unga kidoleni ukiupapasa, halafu siku ya upepo unakivuta kidogo tu kinachanika kama karatasi.

Kwetu kazi hiyo huenda upesi. Namboboto iko karibu sana na ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hukaa juu mwaka mzima. Ziwa Victoria nalo liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo mionzi hii inavyozidi kuwa mikali. Mawingu mepesi hayaizuii sana. Turubai lililoachwa nje siku ya mawingu bado linaliwa.

Vitambaa navyo havilingani. Poliesta huvumilia kuliko nailoni. Polipropilini, yaani plastiki ya magunia yaliyofumwa, hufa mapema sana ikiwa haikutiwa kinga kiwandani, na tanga likishonwa kwa magunia hayo lisitarajiwe kudumu.

Je, dawa ya chupa inaweza kulizuia jua?

Kinga iliyo bora ni ile iliyochanganywa na plastiki ilipokuwa ikiyeyushwa. Mabomba mengi ya maji ya polithini ni meusi kwa sababu hiyo: yametiwa kaboni nyeusi, asilimia 2 au zaidi kidogo, nayo humeza mionzi kabla haijaingia ndani. Dawa ya kupaka juu hukaa usoni tu. Husuguliwa na kamba, huoshwa na mvua, na inabidi irudiwe.

Tena, kuzuia maji na kuzuia jua ni kazi mbili tofauti. Nta ya parafini huziba matundu ya turubai la pamba. Silikoni huufanya uzi uyakatae maji, yakajikusanya matone na kuteremka. Hakuna hata moja kati ya hizo mbili inayomeza mionzi ya jua yenyewe, isipokuwa mtengenezaji awe ameongeza kemikali ya kazi hiyo. Chupa iliyoandikwa kuwa inazuia maji haijakuahidi lolote kuhusu jua.

Na hapa ndipo watu wengi wanapotupa pesa. Turubai la kawaida la buluu au la rangi ya chungwa ni polithini, na polithini tayari haipitishi maji. Likivuja, linavuja kwenye tundu, kwenye mshono au kwenye pete ya kamba. Isitoshe, uso wa polithini haushikamani na vitu: gundi hubanduka, rangi humenyeka, na dawa nyingi huteleza tu. Anayekuuzia dawa ya kuzuia maji kwa turubai la aina hii anakuuzia kitu ulicho nacho. Dawa hizo zina maana kwenye turubai la pamba, koti la mvua lililokwisha makali, mwavuli na tanga la poliesta.

Wazee wa pwani walikuwa na dawa zao. Kamba na nyavu za nyuzi za mimea zilitiwa magome ya mikoko, na mbao za majahazi zilipakwa sifa, mafuta ya papa. Zilifaa kwa sababu adui wa pamba na katani ni kuoza, na magome yale yana tanini inayozuia kuoza. Plastiki haiozi, adui wake ni jua, kwa hiyo dawa ya zamani haihamishiki kwa kitambaa cha leo.

Nitajuaje kama dawa fulani inafanya kazi?

Ijaribu wewe mwenyewe, juu ya paa lako, kwa kipande kidogo. Jambo la lazima ni moja: kila kipande kilichopakwa dawa kiwe na mwenzake asiyepakwa, kutoka kitambaa kilekile. Bila huyo mwenzake hutajua kilichofanywa na dawa na kilichokuwa nguvu ya kitambaa tangu dukani.

Chukua kitambaa kipya, si kilichochakaa. Kata vipande virefu vinavyotosha kushikwa ncha zote mbili. Usipime upana kwa rula tu. Ukiliangalia turubai kwa karibu utaona vile vijikanda bapa vilivyofumwa, basi vihesabu, na kila kipande kiwe na idadi ileile, tuseme vitano. Kikanda kimoja kikizidi, matokeo yanapotoka. Paka nusu ya vipande kama maelezo ya chupa yanavyosema, viache vikauke kabisa, kisha viwekee alama kwa wino usiofutika.

Weka baadhi ya vilivyopakwa na baadhi ya visivyopakwa ndani ya sanduku lenye giza. Vilivyobaki vifunge kwenye fremu ya mbao inayotazama juu, mahali pasipo na kivuli asubuhi wala jioni. Visigusane na mabati, maana joto la bati huharibu pia, na utakuwa unapima mambo mawili kwa pamoja. Kila mwezi shusha jozi moja, iliyopakwa na isiyopakwa.

Nguvu ya kitambaa hupimwa kwa jerikeni. Bana ncha ya juu ya kipande kati ya vibao viwili na uvitundike, bana ncha ya chini vilevile na uning'inize jerikeni tupu. Ongeza maji lita moja baada ya nyingine hadi kipande kikatike. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo huhitaji mizani, ila ukumbuke kuongeza uzito wa jerikeni lenyewe. Kipande kikikatikia palepale kwenye kibao, usikihesabu: kimekatwa na ukingo wa ubao. Rudia kwa vipande kadhaa uone kama vinakubaliana. Ikiwa baada ya miezi mitatu kilichopakwa na kisichopakwa vinakatika kwa lita zilezile, dawa haijazuia jua, hata kama bado inang'aa.

Kwa maji, toboa matundu madogo kwenye kifuniko cha chupa, inamisha kitambaa nusu ya wima, weka gazeti kavu nyuma yake, na umwagie robo lita. Tazama kama maji yanateremka kwa matone au yanaenea na kukitia kitambaa giza, kisha angalia gazeti. Halafu kifue kwa sabuni, kisugue kwa kitambaa chenye mchanga, na urudie. Jaribio la pili ndilo la haki. Dawa karibu zote hupendeza siku ya kwanza.

Maabara hufanyaje?

Mantiki ni hiyohiyo. Kipimo cha kimataifa cha ISO 4920 humwaga mililita 250 za maji juu ya kitambaa kilichoinamishwa nyuzi 45. Badala ya kungoja miezi, maabara huweka vitambaa chini ya taa kali za zenoni zinazoiga jua. Wanaoteleza majini kwa tiara kule Diani, au Paje huko Unguja, wanaihitaji elimu hii kwa sababu tiara zao ni poliesta nyepesi mno inayokaa juani msimu wote wa kusi na wa kaskazi. Na kinga yao kuu si ya chupa: wakitua, tiara hukunjwa na kutiwa kwenye mfuko wake. Mvuvi wa Sio Port anaweza kuliteremsha tanga na kulifunika vivyo hivyo, bila gharama.

Jaketi la kuokoa maisha lipakwe dawa?

Hapana. Naomba hili lisikike katika kila ufuo. Dawa nyingi zina viyeyusho vinavyoweza kulegeza povu la ndani au nyuzi za mishipi, na jaketi likishaharibika hivyo linaweza kuonekana zima. Petroli iliyomwagika juu yake ni hatari ileile. Kulikinga ni kulitundika kivulini likauke, si kulianika kwenye kingo za boti.

Kinachotakiwa ni kulikagua. Vuta mishipi na mishono kwa nguvu zako zote. Bonyeza povu kwa kidole gumba: lisiporudi mahali pake, au likitoa mlio wa kuvunjika, limekwisha. Lipime uzito likiwa kavu, lizamishe majini usiku kucha likiwa limefungiwa jiwe, lining'inize hadi maji ya kitambaa yachuruzike, kisha lipime tena. Povu linalonyonya maji halitamshikilia mtu. Mwisho livae kwenye maji ya kifua, mwenzako akiwa karibu, uinue miguu uone kama mdomo unabaki juu ya maji. Lililoshindwa likatwe vipande, lisigawiwe kwa abiria.

Kuna madhara kwa afya?

Yapo. Baadhi ya dawa za kuzuia maji zilitengenezwa kwa kemikali za florini zisizooza, zinazojikusanya mwilini. Miongoni mwa zilizowekwa chini ya Mkataba wa Stockholm wa kemikali zisizooza, ambao Kenya ni mwanachama, ni PFOS mwaka 2009 na PFOA mwaka 2019. Nunua iliyoandikwa wazi kuwa haina florini, na isiyo na maandishi yoyote iache.

Turubai la kuanikia chakula lisipakwe chochote, hata oili chafu ya injini. Kuanika juu ya turubai safi ni jambo jema, kwa kuwa mahindi yenye unyevu hushika ukungu unaotoa sumu ya aflatoksini, iliyowaua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Basi tenga mawili, moja la chakula na moja la kazi nyingine. Unapopaka, paka nje, ziba pua na mdomo, weka watoto mbali, na usioshee brashi Mto Sio wala ziwani.

Turubai lililoanza kutoa unga litafufuka?

Halitafufuka. Minyororo iliyokatika haiungwi na dawa. Litumie kufunikia kuni.

Niangalie nini dukani?

Tafuta alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na namba ya kibali chake. Namba hiyo unaweza kuithibitisha kwa kutuma ujumbe mfupi kwenda 20023. Kwa bidhaa iliyotengenezwa Uganda, tafuta alama ya UNBS, shirika la viwango la huko. Omba risiti hata kwa chupa moja, na uihifadhi pamoja na vipande vyako vya majaribio. Ukirudi kwa muuzaji na vipande viwili, kilichopakwa na kisichopakwa, vilivyokatika kwa maji sawa, utakuwa na ushahidi wa kumwekea mezani, na muuzaji mwenyewe ataweza kurudia jaribio kwa jerikeni lake.