Kilo za pikipiki: hesabu ya dereva wa Kariakoo

Ukiingia duka la pikipiki, muuzaji atakutajia bei, cc na ulaji wa mafuta kabla hujafungua mdomo. Kilo hatazitaja, na wanunuzi wengi hawamuulizi. Lakini mpe dereva wa bodaboda pikipiki ngeni azungushe mtaa mmoja tu, akirudi utamsikia anazungumzia kilo bila kuzitaja: hii nyepesi, hii imetulia, hii inachosha mikono. Kwa anayeshinda kati ya Msimbazi, Lumumba na Uhuru, uzito ndio unaoamua kama jioni atafunga hesabu akiwa na nguvu za kubeba abiria wa mwisho, au atakuwa amekaa kijiweni anajikanda kiuno.

Pikipiki za biashara zilizojaa Dar es Salaam hazipishani sana kwenye mizani. Boxer za Bajaj na HLX za TVS, zote za India, pamoja na za Kichina kama Sanlg, Fekon na Kinglion, nyingi ziko kati ya kilo 105 na 130. Boxer ya cc 100 na ile ya cc 150 zinapishana kilo kumi na kitu. Sasa angalia: lita moja ya petroli ina kama robo tatu ya kilo, kwa hiyo tanki la lita 11 likijaa ni kilo nane na ushee. Ukijaza tanki la pikipiki ndogo, sehemu kubwa ya ule wepesi ulioununua imekwisha. Ndiyo maana anayechagua kwa kusoma kilo za kwenye karatasi peke yake hudanganyika.

Duniani pikipiki za safari ndefu za Harley-Davidson hupita kilo 350, na wapo wanaozipenda kwa uzito huohuo, kwa kuwa kwenye barabara pana iliyonyooka chombo kizito hakitikisiki. Upande wa pili kuna Honda Super Cub, iliyotoka Japani mwaka 1958. Ya kwanza haikufika kilo 70, wala haikuwa na klachi ya mkono, kusudi muuza chakula aendeshe kwa mkono mmoja na mwingine ushike sinia. Hadi mwaka 2017 zilikuwa zimeshatengenezwa zaidi ya milioni 100 za ukoo huo, na hakuna chombo cha injini kilichowahi kuifikia idadi hiyo. Kazi ya Kariakoo iko karibu zaidi na ya muuza chakula yule kuliko ya mwenye Harley.

Sababu ni mwendo. Pikipiki ikishachanganya inajishikilia yenyewe. Magurudumu yanayozunguka na usukani vinairudisha wima bila wewe kujua. Ikipungua chini ya mwendo wa mtu anayetembea, unayeishikilia ni wewe, kwa nyonga, goti na kisigino. Na mtaa wa Kongo saa nne asubuhi huruhusu mwendo gani? Gia ya kwanza, klachi nusu, mguu chini, mguu juu, mkokoteni mbele, mteja wa machinga anarudi kinyumenyume akiwa amebeba beseni la plastiki kichwani. Katika hali hiyo kilo kumi za ziada huzisikii mara moja. Unazisikia kila unapotua mguu, na siku nzima unautua mara zisizohesabika. Dereva mfupi huzisikia zaidi, kwa sababu anatua kwa ncha za vidole. (Na anayeendesha kwa kandambili huzisikia kuliko wote, kiatu chenye soli ngumu kinapunguza kilo kuliko duka lolote la vipuri.)

Hapa lipo jambo ambalo mafundi wanalijua na wanunuzi hawaulizi. Pikipiki mbili zenye kilo sawasawa zinaweza kuwa tofauti kabisa mkononi, kwa sababu kinachokuangusha ni uzito ulioko juu. Injini iliyokaa chini katikati ya fremu hukusaidia. Tanki kubwa lililojaa, mwavuli uliofungwa kwenye usukani na redio iliyoning'inizwa mbele vinakupinga. Vespa za zamani zinazopendwa Unguja zina kisa chao: injini imekaa ubavuni upande wa kulia, si katikati, na aliyezoea Boxer akiipanda mara ya kwanza huhisi kama kuna mtu anamvuta bega. Baada ya siku chache mwili unazoea, lakini siku ya kwanza asianzie sokoni.

Vifaa vya kuongeza ni mtego mwingine. Keria ya chuma nyuma, ngao ya kukinga miguu, stendi iliyoongezwa bati ili isizame kwenye mchanga, siti iliyorefushwa: kila kimoja kina kilo zake, na kilicho juu au nyuma kabisa kinaumiza zaidi ya kilicho chini. Mimi ngao ningeiacha mahali pake, maana imeokoa miguu ya wengi. Keria ningeifunga nyembamba na fupi, isipite mbali nyuma ya ekseli. Mwavuli ningeuacha dukani, hasa kwa anayevuka daraja.

Maana kwenye daraja hesabu inageuka. Daraja la Nyerere la Kigamboni, lililofunguliwa mwaka 2016, linapigwa na upepo wa mkondo wa bahari, na Daraja la Tanzanite, lililoanza kutumika mwaka 2022, limekaa juu ya maji yenyewe. Hapo ndipo wenye pikipiki nyepesi wanapojikuta wamesukumwa nusu ya njia. Barabara ya Mandela nayo ina malori ya makontena ya bandarini. Lori likikupita kwa kasi linakusukuma kwanza, kisha linakuvuta. Dereva anayepeleka mzigo Mbagala, Gongo la Mboto au Kimara kila siku atakwambia anataka ya cc 150 kwa sababu "imetulia", na ana haki. Wa Kariakoo, Posta na Ilala Boma hana haja nayo. Kwa mtu anayefanya yote mawili, cc 125 ndiyo ninayoiona inafaa: haikuchoshi sokoni, na haipepesuki sana ukitoka nje ya mji.

Kabla ya kuichukua hiyo 150, itazame leseni yako. Nchini Tanzania leseni ya daraja A ni ya pikipiki zinazozidi cc 125, na A1 ni ya zile ndogo. Wapo walionunua kwanza wakasoma leseni baadaye, mbele ya trafiki.

Tuje kwenye kilo zinazoleta pesa, yaani abiria na mzigo. Kila pikipiki ina kikomo chake cha kubeba, kimeandikwa kwenye kitabu chake, na kwa hizi za biashara mara nyingi ni kilo 130 hadi 150 hivi. Wengi hudhani hizo ni kilo za mzigo peke yake. Sivyo, dereva yumo ndani. Ukiwa na kilo 70 na abiria wako ana 70, umeshafika 140 kabla hajapakata begi lake. Kwa hiyo mishkaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, si kosa la kisheria tu, ni pikipiki iliyopitwa kabisa na uwezo wake. Kanuni za usafirishaji wa pikipiki na bajaji za mwaka 2010, zilizowekwa enzi za mamlaka ya usafiri ya SUMATRA kabla ya LATRA kuchukua kazi hiyo mwaka 2019, zilitaka abiria mmoja, kofia ngumu mbili.

Chukua belo la mitumba. Belo la kawaida ni kilo 45. Dereva wa kilo 70 na belo moja ni 115, anapita. Akiongezeka mwenye belo, tuseme ana kilo 75, akakaa juu yake, kama tunavyoona kila siku pale Mchikichi, ni kilo 190 kwenye chombo chenye kilo 115 chenyewe. Breki zitakazosimamisha yote hayo ni zilezile. Pikipiki na dereva peke yake zilikuwa kilo 185. Sasa ni 305. Kwa mwendo uleule breki zimepewa kazi zaidi kwa karibu theluthi mbili, na nyingi za hizi pikipiki zina breki za ngoma ambazo zikipata moto zinalegea. Ule umbali uliozoea kusimama hautoshi tena. Hapo hakuna ustadi wa dereva unaosaidia, isipokuwa kupunguza mwendo mapema na kuliachia gari la mbele nafasi.

Tena belo limekaa wapi? Likiwa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, linainua mbele kama bembea ya watoto. Gurudumu la mbele likiwa jepesi usukani unacheza, na breki ya mbele, ambayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote, haipati kitu cha kukamata kwenye lami. Kanuni ya kupakia ni fupi: kizito kikae chini na kisogee mbele, kikubwa chepesi kikae juu. Mtungi wa gesi wa kilo 15 ukiwa umejaa hukaribia kilo 30 pamoja na chuma chake. Ufungwe kwenye keria ukigusa mgongo wa siti, usining'inie pembeni. Wanaoubeba mapajani juu ya tanki wanapata uzito mahali pazuri, lakini wanapoteza usukani: jaribu kukata kona ya kulia kutoka Msimbazi ukiwa umekumbatia mtungi. Mzigo ukizidi belo moja, mpe mwenye guta au kirikuu. Hela uliyoikosa ni ndogo kuliko seti ya spoki.

Na seti za spoki zinaisha kweli. Uzito unakula cheni na sproketi, tairi la nyuma, shokapu, beringi za magurudumu. Upepo wa tairi ndio kinga ya bei rahisi kuliko zote: vitabu vya pikipiki hizi huelekeza upepo zaidi nyuma ukipakia mtu. Pima asubuhi tairi likiwa la baridi, kwa geji, si kwa kulipiga teke.

Wapo wanaoamini pikipiki nzito ndiyo imara, na imani hiyo inauza sana. Neno "chuma" kwa dereva wa Dar ni sifa. Lakini kilo zinaweza kuwa kwenye ngao na mapambo, na fremu ikawa nyembamba. Tazama mkono unaoshika gurudumu la nyuma, unene wa shokapu, idadi na unene wa spoki, na pale siti inapokutana na fremu: kwenye pikipiki iliyotumika, rangi iliyopasuka au alama za kuchomelewa mahali hapo zinakuambia ilikuwa inabeba nini. Hapo usibishane na bei, ondoka.

Za umeme zimeanza kuonekana Afrika Mashariki, na swali la uzito limehamia kwenye betri. Betri moja inaweza kufika kilo 20 au zaidi, ila kwa kawaida imewekwa chini na katikati, kwa hiyo nyingi hazichoshi sokoni kama mtu anavyotazamia. Uzito utakaokuchosha ni wa kuitoa betri na kuibeba kwenda kuibadilisha. Uliza utafanya hivyo mara ngapi kwa siku.

Namna ya kuijaribu ni hii, na haihitaji kuwasha injini. Kaa, tua miguu yote miwili. Visigino vikigusa, vizuri, vidole peke yake visikuridhishe kama kazi yako ni ya foleni. Iondoe kwenye stendi kubwa na uirudishe mwenyewe bila kusaidiwa. Kata usukani hadi mwisho, kushoto na kulia, huku ukiisukuma kinyumenyume, maana ndivyo utakavyotoka kijiweni kila siku. Kisha mwombe mtu mzima apande nyuma, apande na kushuka mara kadhaa huku wewe umeishikilia. Abiria anapopanda ndipo pikipiki nyingi huangushwa zikiwa zimesimama.

Ikianguka, zima kwanza, funga mafuta, toa mzigo wote. Ikiwa imelalia kulia, shusha stendi ya pembeni kabla hujainua, isije ikaangukia upande wa pili. Igeuzie mgongo, chuchumaa matako yakigusa siti, shika usukani kwa mkono mmoja na fremu au keria kwa mwingine, kisha rudi nyuma hatua ndogondogo ukisukuma kwa miguu. Anayeinua kwa kuinama atalipia mgongoni.

Wengi hawanunui taslimu, wanachukua kwa mkataba: tajiri ananunua, dereva analeta hesabu kila siku mpaka iwe yake. Tatizo ni kwamba tajiri ndiye anayechagua, na yeye anatazama bei. Kabla hujaweka sahihi mwambie unafanya kazi wapi na unabeba nini, na umwombe ujaribu aina mbili ukiwa na mtu nyuma. Akisema hakuna muda wa kujaribu, ulizia kijiwe cha jirani. Matajiri wa mikataba Kariakoo ni wengi, na mkataba utakuwa nao kwa mwaka au zaidi.