SOMO LA WANACHAMA: KABLA YA KUJENGA VYUMBA VYA KUPANGISHA



Hapa Uganda, katika viwanda na mashamba ya miwa na chai, wengi wetu tukipata kiinua mgongo au mkopo wa chama cha akiba hufikiri kwanza kununua kiwanja na kujenga vyumba vya kupangisha. Si jambo baya, kwa maana mshahara una mwisho. Lakini tumewaona wenzetu waliopoteza kiwanja na akiba pamoja. Kwa hiyo tujifunze mambo matatu.

1. ARDHI
Katika Buganda ardhi nyingi ni mailo. Anayeuza kibanja siye mwenye hati. Yeye ana haki ya kukaa, naye hulipa busuulu. Kwa Sheria ya Ardhi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2010, mwenye kibanja akitaka kuuza ni lazima kwanza ampe mwenye ardhi nafasi ya kununua. Asipofanya hivyo, mauzo ni batili na kibanja hurudi kwa mwenye ardhi. Sahihi ya mwenyekiti wa LC peke yake haitoshi. Tumtafute mwenye ardhi, atoe kibali kwa maandishi. Ikiwa ni ardhi ya familia, mke au mume wa muuzaji naye akubali kwa maandishi.

2. HESABU
Tuchukue mfano. Mwanachama ana vyumba vinne, kila kimoja shilingi 80,000 kwa mwezi. Mkopo analipa 250,000 kwa mwezi. Husema: "Zinaingia 320,000, zinatoka 250,000, faida 70,000." Sasa tuhesabu mwaka mzima:

Pango la vyumba vyote: 3,840,000
Toa miezi miwili kila chumba kikiwa kitupu: 640,000
Toa matengenezo: 320,000
Toa kodi ya serikali (asilimia 12 ya pango linalozidi 2,820,000): 45,600
Zinabaki: 2,834,400
Mkopo: 3,000,000
Upungufu: 165,600

Upungufu huo utatoka katika mshahara. Wala tusitumaini kuuziba kwa kupandisha pango. Sheria ya mwaka 2022 hairuhusu kuongeza zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, wala kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama.

3. MSHAHARA NA PANGO
Tujiulize, wapangaji wetu ni nani? Mara nyingi ni wafanyakazi wa kiwanda kile kile kinachotulipa sisi. Kikifungwa, mshahara unakatika na wapangaji wanarudi makwao. Deni linabaki. Chama cha akiba kitawadai wadhamini, nao ni wenzetu waliotuamini.

Kwa hiyo tufanye hivi:
- Tujenge vyumba viwili kwanza. Vikilipa, ndipo tuongeze.
- Tuweke kando marejesho ya miezi sita kabla ya kuchukua mkopo.
- Kiinua mgongo chote kisiingie katika matofali.
- Tuchague mahali penye wapangaji wa namna nyingi: walimu, wachuuzi, madereva.
- Kila pango liandikiwe risiti.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI
1. Kiwanda chetu kikisimama miezi mitatu, nani atalipa mkopo wangu?
2. Je, wadhamini wangu wameiona hesabu yangu?
3. Mpangaji ambaye hajalipwa mshahara tumtendeeje, sisi ambao jana tulikuwa wapangaji?

Umoja ni nguvu.