SOMO LA WAFANYAKAZI: MWANI WA MAJI BARIDI, NA SABABU ZA ZIWA KUGEUKA KIJANI



Katika kambi nyingi za mashamba, na katika miji ya viwanda iliyo kando ya Ziwa Victoria, maji ya kunywa na kupikia hutoka ziwani, mtoni au katika lambo. Ipo miezi ambayo maji hayo hugeuka kijani, hutoa harufu ya majani yaliyooza, na juu yake hutanda utando mfano wa rangi ya mafuta iliyomwagika. Wengine husema ni uchafu tu, wengine husema kuna mtu amemwaga dawa. Kitu chenyewe ni mwani. Yafaa tujue mwani ni nini na kitu gani huufanya uongezeke, kwa maana maji hayo ndiyo tunayowapa watoto wetu.

Watu wa pwani wanaposikia neno mwani hufikiria ule wa baharini, unaolimwa Unguja na kuanikwa juani. Mwani wa maji baridi ni wa jamii hiyo, lakini sehemu kubwa yake ni midogo mno, hauonekani bila hadubini. Tone moja la maji ya kijani laweza kuwa na maelfu yake. Huishi kama mhindi uishivyo shambani: hupokea mwanga wa jua, huvuta hewa ya kaboni na chakula kilichoyeyuka majini, kisha hutoa oksijeni. Wadudu wadogo wa majini hula mwani, dagaa hula wadudu hao, sangara hula dagaa. Pasipo mwani hapana samaki, na pasipo samaki hapana kiwanda cha minofu Mwanza wala Kisumu. Kwa hiyo mwani si adui wetu. Shida ni wingi wake, na aina yake.

Aina ziko nyingi, nasi tutaje tatu. Kuna mwani wa kijani wa kawaida. Kuna daiatomu, ambazo hujijengea ganda gumu mfano wa kioo kutokana na silika iliyomo majini. Na kuna mwani wa bluu-kijani, ambao kwa kweli ni bakteria, nao wataalamu huuita sayanobakteria. Huu wa tatu ndio mjanja kupita wenzake. Una vifuko vidogo vya hewa vinavyouwezesha kupanda juu kufuata mwanga na kuwafunika wengine. Baadhi yake hukamata naitrojeni ya hewani na kujitengenezea mbolea. Hupenda joto la digrii 25 na zaidi. Wadudu wa majini hawaupendi sana kwa chakula. Na baadhi yake hutengeneza sumu.

Sasa, nini huufanya mwani uongezeke ghafula? Fundi mwashi anajua kwamba zege huhitaji saruji, mchanga, kokoto na maji. Mchanga ukiwa malori kumi na saruji mfuko mmoja, kazi itakwisha saruji itakapokwisha. Mwani nao huhitaji mwanga, joto, kaboni, naitrojeni, fosforasi na vinginevyo vichache, na kile kilicho haba kuliko vyote ndicho kinachopima wingi wake. Katika maziwa mengi ya maji baridi kilicho haba ni fosforasi. Kiasi kidogo tu kikiongezwa, mwani huongezeka mara nyingi zaidi ya uzito huo.

Jambo hili lilileta ugomvi mkubwa huko Amerika ya Kaskazini. Mwishoni mwa miaka ya 1960 sabuni ya unga ilikuwa na fosfeti nyingi, na maziwa yalikuwa yakigeuka kijani. Wenye viwanda vya sabuni walidai kuwa fosfeti haina hatia, ati kinachokuza mwani ni kaboni. Mwaka 1973 mtaalamu David Schindler na wenzake walichukua ziwa dogo lililoitwa Ziwa 226, katika jimbo la Ontario nchini Kanada. Ziwa hilo lina kiuno chembamba katikati. Wakatandika pazia la plastiki pale kiunoni, likawa mabwawa mawili yasiyochanganyika. Pande zote mbili walitia kaboni, tena kwa njia ya sukari ile ile tunayotiwa jasho kuitengeneza, na naitrojeni. Upande mmoja tu waliongeza fosforasi. Baada ya majuma machache upande wenye fosforasi ulikuwa kijani kizito cha mwani wa bluu-kijani, na upande wa pili ulibaki na maji yake ya kawaida. Picha iliyopigwa kutoka ndegeni ilionyesha ziwa moja lenye rangi mbili, pazia likiwa mpaka. Picha hiyo ilifanya kazi ambayo hotuba mia zisingeifanya, na sheria za kupunguza fosfeti katika sabuni zikapata nguvu.

Tuje kwetu. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilometa za mraba karibu 68,800, lakini kina chake cha wastani ni mita 40 tu. Ni sinia pana. Mwaka 1960 na 1961 mtaalamu J. F. Talling alipima mwani wake, na wakati huo daiatomu zilikuwa nyingi. Wataalamu waliopima tena mwanzoni mwa miaka ya 1990, miongoni mwao Rose Mugidde wa Uganda, walikuta mwani umeongezeka mara kadhaa, maji hayaonyeshi mbali kama zamani, silika imepungua sana, na mwani wa bluu-kijani umeshika nafasi ya mbele.

Fosforasi hiyo ilitoka wapi? Ilitoka katika vyoo na mifereji ya miji isiyo na mitambo ya kutosha ya kusafisha maji machafu. Ilitoka katika udongo uliochukuliwa na mvua kwenye vilima vilivyokatwa miti. Anayetaka kuona autazame mto Nyando wakati wa masika. Ilitoka katika mbolea ya chumvichumvi iliyomwagwa shambani siku moja kabla ya mvua kubwa. Na sehemu kubwa, jambo ambalo wengi hawalifikirii, huanguka kutoka hewani pamoja na vumbi na moshi wa mashamba na misitu inayochomwa. Kwa hiyo asidanganyike mtu kwamba kosa ni la mama anayefua nguo ufukweni. Sabuni yake imo katika hesabu, lakini ni kidogo ukiilinganisha na bomba la mji mzima.

Maji machafu ya viwanda yana njia mbili za kudhuru. Yale ya korona ya mkonge, ya kumenya kahawa na ya sukari yamejaa vitu vinavyooza, na uozo huo hula oksijeni ya mto moja kwa moja hata kabla ya mwani kuota. Kisha chakula kinachobaki huwa mbolea ya mwani huko chini mto unakotulia.

Hali ya hewa nayo ina sehemu yake. Kati ya Juni na Agosti pepo za kusi huvuruga Ziwa Victoria toka juu hadi chini. Miezi mingine maji ya juu yenye joto hukaa juu ya maji ya chini yaliyo baridi kidogo, bila kuchanganyika. Huko chini oksijeni hukwisha, na tope huachia fosforasi iliyokuwa imeshikwa. Siku za jua kali na utulivu, mwani wa bluu-kijani hupanda juu wote kwa pamoja. Upepo mwepesi ukivuma huusukuma na kuulundika ufuko mmoja. Ndiyo sababu ghuba ya Winam huweza kuwa kijani na katikati ya ziwa pakawa na nafuu.

Mchana mwani hutoa oksijeni, lakini usiku nao huitumia. Unapokuwa mwingi mno, na hasa unapokufa na kuoza, samaki hukosa hewa, na wavuvi hukuta wamekufa alfajiri.

Kuhusu sumu, hapa hapana mzaha. Sumu iitwayo maikrosistini hudhuru ini, nayo imepimwa katika ghuba za Mwanza, Winam na Murchison, hii ya mwisho ikiwa ndiko Kampala inakochota maji yake. Mwaka 1996 katika mji wa Caruaru, Brazil, wagonjwa wa figo walisafishwa damu kwa maji yaliyokuwa na sumu hiyo, na zaidi ya 50 walikufa. Mwaka 2014 watu wapatao nusu milioni wa mji wa Toledo, Marekani, waliamriwa wasinywe maji ya bomba, tena wasiyachemshe. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na kuhara, wala tusiache kuchemsha kwa ajili hiyo, lakini hakuondoi maikrosistini; huweza kupasua mwani na kuiachia sumu majini.

Je, ziwa lililoharibika laweza kupona? Ziwa Washington, karibu na Seattle huko Marekani, lilikuwa likipokea maji machafu ya miji iliyolizunguka. Mwaka 1955 mwani mbaya ulionekana, na profesa W. T. Edmondson akaeleza wazi yatakayofuata. Mwaka 1958 wananchi walipiga kura kuunda shirika la kushughulikia maji machafu, wakakubali kulipia mabomba, na kati ya 1963 na 1968 maji yale yaliondolewa ziwani. Katika miaka ya 1970 ziwa lilikuwa safi tena. Ziwa Victoria ni kubwa mno na mataifa matatu yanaligawana, hivyo mtu asitegemee kasi ile, lakini lambo la kambi si Ziwa Victoria. Lambo huweza kuitikia upesi likizungushiwa nyasi na miti, ng'ombe wakizuiwa kuingia, na mfereji wa vyoo ukigeuzwa.

Mwanakamati wa tawi aweza kupima mwenyewe. Jaza chupa safi ya kioo robo tatu, vaa glavu kwanza, ifunike na uiache usiku kucha mahali pa baridi bila kuitikisa. Asubuhi, kijani kikiwa kimetuama chini, huenda ni mwani wa kawaida. Kikipanda na kufanya pete juu, shuku mwani wa bluu-kijani. Pia chovya fimbo: mwani wa nyuzi utaning'inia kama nywele, ule wa bluu-kijani utaipaka fimbo kama rangi. Hiki si kipimo cha sumu. Hicho ni kazi ya maabara, na tawi lina haki ya kuuliza matokeo yako wapi. Wakati huo maji yasichotwe penye utando wala ufuko ambao upepo unausukumia. Watoto wasioge hapo, mifugo isinyweshwe. Kisima kilichochimbwa hatua kadhaa kutoka ukingoni, maji yakapita mchangani kwanza, ni afadhali kuliko ndoo ya lamboni. Na mkataba wa hali bora unapojadiliwa, kipengele cha maji kisiandikwe «maji yatatolewa» tu. Kiandikwe yatoke wapi, yapimwe na nani, mara ngapi kwa mwaka, na yaletwe kwa gari kutoka wapi lambo likigeuka kijani.