SOMO KWA VYAMA WANACHAMA: MTUMBWI UONEKANE



Huenda mwanachama wa Handeni akauliza: sisi tunaochimba malambo na kuyahesabu mawingu, mitumbwi yatuhusu nini? Swali hilo ni la haki. Lakini Mto Pangani, ambao wakazi wa sehemu zake za juu huuita Ruvu, kwa kitambo fulani ndio unaoitenga Handeni na Korogwe, na wako watu wa pande zote mbili wanaouvuka kwa mtumbwi pamoja na magunia yao. Wako pia ndugu na vijana wetu wanaokwenda kutafuta riziki ya samaki katika Bwawa la Nyumba ya Mungu, au wanaoteremka hadi Pangani mjini, ambako mto unakutana na bahari. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya somo hili inamhusu mtu yeyote anayetembea gizani kando ya barabara kuu, nasi tutafika huko.

Maji ya mto huu si ya namna moja. Yanatoka Kilimanjaro na Meru, yanatulia Nyumba ya Mungu katika bwawa lililojengwa miaka ya 1960, yanapita Korogwe, yanazungusha mitambo ya umeme ya Hale iliyoanza kazi mwaka 1964 na ile ya Maporomoko ya Pangani iliyojengwa upya mwaka 1995, kisha yanaingia baharini. Hapa kwetu Korogwe mtumbwi hukutana zaidi na mtumbwi mwenzake. Bwawani na mlangoni mwa mto hukutana na boti za injini, na Pangani mjini iko njia ya kivuko kati ya mji na Bweni. Mtu aliyejifunza kupiga kafi katika maji ya Korogwe akifika huko hana desturi ya kujihadhari na chombo kiendacho mbio, na huo ndio mwanzo wa hatari.

Tuanze na kosa ambalo karibu kila mpiga kafi hulifanya. Yeye huisikia boti kabla hajaiona, na huiona ikiwa bado mbali, kwa kuwa ni ndefu, ina povu na ina kelele. Basi hudhani kwamba kwa sababu yeye ameiona boti, nahodha naye amemwona. Sivyo. Nahodha hasikii chochote isipokuwa injini yake. Boti ikishika mwendo omo huinuka na kuyaficha maji yaliyo mbele, yaani pale hasa mtumbwi ulipo. Na mtumbwi wenyewe ni nini machoni pake? Ni gogo jeusi lililolowa, limelala juu ya maji meusi, na juu yake kiwiliwili cha mtu mmoja aliyekaa. Mawimbi madogo tu yanatosha kuuficha na kuufichua. Wenye kayaki, vile vyombo vyembamba vilivyobuniwa na watu wa nchi za barafu za kaskazini na ambavyo leo vinatumiwa kwa michezo ulimwenguni kote, wana shida iyo hiyo, kwa kuwa nao hukaa chini kabisa karibu na maji.

Tufanye hesabu. Boti iendayo kilomita 30 kwa saa hukata zaidi ya meta 8 kwa kila sekunde. Ikiwa nahodha ameuona mtumbwi kwa meta 250, anazo sekunde 30 za kugeuza usukani, na hizo zinatosha. Ikiwa ameuona kwa meta 50, anazo sekunde 6. Mpiga kafi naye, kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa, katika sekunde 6 hasogei hata meta 7. Kwa hiyo hawezi kukwepa kwa nguvu za mikono yake. Usalama wake unategemea kuonwa mapema, na kuonwa huko ni kazi yake yeye mwenyewe kabla hajaondoka ufukoni.

Sasa tuingie katika rangi, maana hapa watu wengi wanapotoshwa. Wengi hudhani nyekundu ndiyo rangi ya tahadhari kuliko zote. Mchana ni kweli inaonekana vema. Jioni mambo hubadilika: mwanga unapopungua, jicho la mwanadamu hupoteza nyekundu kwanza, ikageuka kuwa nyeusi, wakati manjano iliyoelekea ukijani bado inang'aa. Jambo hili lilielezwa katika karne ya 19 na mtaalamu wa Bohemia, Jan Evangelista Purkyně, lakini mwanachama hana haja ya kumtafuta mtaalamu. Na atundike shati jekundu na shati la manjano kwenye kamba jua likizama, asimame mbali, aone lipi litatoweka kwanza. Nyeupe ni nzuri juu ya mto mweusi uliotulia. Baharini penye povu nyeupe huchanganyika na mawimbi, na hapo manjano na rangi ya chungwa ndizo bora. Khaki, kahawia na buluu ni rangi za kujificha, nazo ndizo nguo zetu nyingi za kazi.

Lakini kuliko nguo, jicho huvutwa na kitu kinachotikisika. Mpiga kafi tayari anacho kitu hicho mkononi. Bapa la kafi hupanda na kushuka pande mbili, na mara nyingine hufika juu kuliko kichwa cha mwenyewe. Likipakwa rangi nyeupe au ya manjano pande zake zote mbili, huwa kama mtu apungaye kitambaa mchana kutwa bila kuchoka. Kwa maoni ya mwandishi, kwa gharama ndogo namna hii hakuna jambo jingine linalofaa zaidi, na inashangaza kwamba makafi yetu mengi bado yana rangi ya mti uliooza. Paka pia omo na tezi, na ukingo wa juu wa mtumbwi, maana sehemu iliyo chini ya ukingo huo haionekani kwa mbali hata ikipambwa.

Usiku ni jambo la taa. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972, ambazo zilianza kutumika tarehe 15 Julai 1977, hazikumsahau mtu mdogo. Zinasema kwamba chombo kiendeshwacho kwa makasia, kama hakina taa za kudumu, lazima kiwe na tochi au taa yenye mwanga mweupe iliyo tayari mkononi, ionyeshwe mapema vya kutosha kuzuia mgongano. Angalieni maneno haya mawili: tayari na mapema. Tochi iliyofungwa ndani ya kapu chini ya nyavu haiko tayari. Tochi iwashwayo wakati boti imekwisha kufika haiko mapema. Ifungwe kwa uzi shingoni, iwe ya namna isiyoingiza maji, na betri zake zijaribiwe kila jioni. Usimwelekezee nahodha mwanga machoni ukampofusha. Umulikie mtumbwi wako mwenyewe, kafi na kifua chako, ili ajue kilicho mbele yake ni chombo chenye mtu, wala si taa ya nyumba iliyo ng'ambo. Wanaovua kwa karabai au kwa taa za sola nao wasidhani wamesalimika, kwani mara nyingi mtu mwenyewe huikinga taa kwa mgongo wake, na upande mmoja wa mtumbwi ukabaki giza tupu.

Saa mbaya kuliko zote si usiku wa manane, bali ni zile ambazo jua liko chini. Mlangoni mwa Pangani mto unaelekea mashariki. Boti zitokazo asubuhi zinalikabili jua, na zirudizo jioni zinalikabili tena. Mtumbwi ulio ndani ya njia ile ya mng'ao hauonekani hata ukipakwa rangi gani. Kanuni ni rahisi: ukiona kivuli chako kinaielekea boti ijayo, ujue nahodha wake anatazama jua, na wewe umo ndani ya jua hilo. Toka. Na huku kwetu karibu na ikweta magharibi haikawii. Tangu jua kuzama hadi giza kamili hazipiti dakika nyingi, kwa hiyo anayesema "nitavuka kabla ya giza" hana budi kuanza jua likiwa bado juu ya miti.

Katika kuvuka njia ya boti au kivuko, kata moja kwa moja kwa njia fupi, wala usiende mshazari. Mkiwa mitumbwi mitatu, vukeni pamoja mkikaribiana, kwa sababu kundi huonekana pale ambapo mmoja haonekani. Usipite mbele ya kivuko kwa kutegemea kwamba kitasimama. Chombo kizito hakina breki za baiskeli. Mkipata ajali, inua mikono yote miwili ikiwa imenyoshwa pembeni, uishushe, uinue tena polepole. Hiyo ni ishara ya kuomba msaada inayotambulikana na mabaharia wa dunia nzima. Filimbi nayo isikosekane, maana sauti ya filimbi hufika mbali kuliko ya mtu aliyekwisha choka.

Kiboko ni habari nyingine. Yeye hahitaji kukuona bali kukusikia. Wapiga kafi wa Mto Zambezi hugonga ubavu wa mtumbwi kila baada ya kitambo kidogo ili mnyama ajue mahali walipo na aibuke mbali nao. Ni desturi ya kuigwa penye mabwawa tulivu ya mto wetu.

Haya yanahusu vipi chama cha ushirika? Mara nyingi mtumbwi unaovusha ufuta au mahindi ya wanachama hauvuki kwa hiari ya mpiga kafi. Unavuka kwa sababu lori la mnunuzi limechelewa likafika magharibi, na mtu wa kamati amesimama ng'ambo akipiga kelele mzigo uletwe usiku huo huo. Mpiga kafi akikataa, anaambiwa analihujumu soko. Akikubali, anaondoka bila taa. Uamuzi huo usiachwe kwa mtu mmoja gizani. Mkutano wa chama waweza kuweka saa ya mwisho ya kuvusha mzigo, ukaiandika katika muhtasari, na mnunuzi akaarifiwa mapema. Kopo la rangi, tochi, filimbi na makoti ya kujiokolea ni vifaa vya chama kama ilivyo mizani, viingizwe katika makisio ya mwaka. Kwa habari za ukaguzi wa vyombo, ofisi inayohusika ni Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017.

Tuirudie sasa barabara. Anayekokota baiskeli yenye mkaa saa moja jioni kati ya Mkata na Kabuku yumo katika hali ile ile ya mtumbwi: anaiona taa ya basi kwa mbali, naye anadhani ameonwa. Iko tofauti moja. Utepe wa kuakisi mwanga, ule unaobandikwa nyuma ya malori na kwenye vizibao vya waendesha bodaboda, hurudisha mwanga kule ulikotoka. Barabarani unafaa sana, kwani kila gari lina taa. Majini unasaidia tu ikiwa boti ijayo inamulika mbele, na boti nyingi ndogo hazimuliki. Kwa hiyo mwenye baiskeli aweza kuridhika na utepe na nguo ya manjano. Mwenye mtumbwi bado anahitaji taa yake mwenyewe.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi: Chama chenu kina mitumbwi mingapi, na ni mingapi yenye tochi inayowaka leo? Ni nani mwenye mamlaka ya kumwambia mpiga kafi asivuke, na je, jina lake linajulikana na wanachama? Mzigo ukilala ng'ambo kwa sababu ya giza, ni nani atakayeulinda, na gharama ya ulinzi itatoka fungu gani?